Jinsi ya Kupata Kalavati kwa Ngazi Kumi na Moja

Mwongozo kwa wakazi wa Kibondo, Kasulu na kokote kule ambako barabara imekatika lakini mihtasari imekamilika

Kwa mhandisi, kalavati ni bomba la zege linalolazwa chini ya barabara ili maji yapite bila kuondoka na barabara yenyewe. Kwa mtawala, kalavati ni jambo jingine kabisa: huhitajiwa na kitongoji, huibuliwa na kijiji, hujadiliwa na kata, huombewa fedha na wilaya, hushauriwa na mkoa, husubiriwa na wote, kisha huzinduliwa na mtu ambaye hajawahi kupita hapo na hatapita tena.

Tuseme wewe ni mkulima wa maharage katika nyanda za juu za Kigoma. Mvua zimeanza Novemba kama kawaida yake, na kufika Januari kijito kimekata barabara ya kwenu. Boda hapiti. Mnunuzi ameshasema atatafuta maharage kwingine. Unataka kalavati moja tu, si daraja la Busisi.

Hongera. Bila kujua, umeingia katika fani inayofundishwa vyuo vikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, msomi Gary Marks aliona kwamba katika Jumuiya ya Ulaya serikali za kitaifa hazikuwa tena na kauli ya mwisho peke yake: mambo mengine yalipanda kwenda Brussels, mengine yakashuka mikoani, na katikati kukawa na mazungumzo yasiyokwisha. Akaita hali hiyo utawala wa ngazi nyingi, na baadaye yeye na Liesbet Hooghe wakaiandikia vitabu. Wangeanzia Kibondo wangemaliza utafiti mapema, kwani hapa hata mtoto wa darasa la nne anajua kuna ngazi ngapi kati ya baba yake na bomba la zege.

Vifaa vinavyohitajika

Rimu moja ya karatasi. Daftari la mihtasari lenye jalada gumu. Mhuri wa kijiji, na mtu anayejua ulipo. Nauli ya kwenda wilayani na kurudi, mara nyingi kadiri Mungu atakavyojalia. Simu yenye chaji, kwa ajili ya kuambiwa "mfumo uko chini". Na koti zuri la siku ya uzinduzi, endapo utakuwa bado hai.

Hatua ya 1: Ibua

Usiseme "tunahitaji kalavati". Sema "tumeibua mradi". Kijiji kina haki ya kuibua, na utaratibu wake una jina zuri, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi hukaa, hutaja fursa walizonazo, hutaja vikwazo, kisha hupanga vipaumbele. Halmashauri ya kijiji, ambayo kwa sheria haizidi watu 25, hupeleka mapendekezo kwenye mkutano mkuu, nao mkutano mkuu huyapitisha kwa kunyoosha mikono.

Hapo utagundua ushindani. Shule inataka vyoo, zahanati inataka paa, vijana wanataka uwanja. Kalavati likishika nafasi ya tatu, usikate tamaa. Katika orodha hii hata aliyeshika nafasi ya kwanza bado anasubiri.

Mtaombwa pia mchango wa nguvu za wananchi. Kusanyeni mawe na mchanga, na msiwe wavivu. Katika mradi mzima, mawe yenu ndiyo kitu pekee kitakachofika kwa wakati.

Hatua ya 2: Panda kata, msalimie tarafa

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na Mheshimiwa Diwani, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Hapa kalavati lako linakutana na makalavati ya vijiji vingine, yote ya dharura.

Juu ya kata yuko afisa tarafa. Wengi humsahau kwa sababu hana baraza la kuchaguliwa wala bajeti ya barabara. Hilo ni kosa. Afisa tarafa ni mkono wa serikali kuu, na barua isiyo na "nakala kwa Afisa Tarafa" ni barua iliyokosa adabu. Hana uwezo wa kukupa kalavati, ila ana uwezo wa kuuliza kwa nini hakutaarifiwa.

Hatua ya 3: Jua barabara yako ni ya nani

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa fani hii hufeli. Barabara inayokatika mbele ya nyumba yako inaonekana kuwa barabara. Kiutawala inaweza kuwa moja ya vitu vitatu.

Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, ni ya TANROADS. Mfano ni ile ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu mpakani mwa Burundi, kilomita zipatazo 260, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliridhia mkopo wake mwaka 2018 na ujenzi ukagawanywa katika mikataba minne. Kama kijito chako kinavuka barabara hiyo, basi jambo lako limewahi kujadiliwa Abidjan, na wewe ni mtu mkubwa kuliko unavyojidhania.

Ikiwa ni barabara ya wilaya, ni ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 na kuchukua barabara ambazo hadi hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Na ikiwa ni njia ambayo haimo kwenye orodha yoyote, ni ya Mungu na ng'ombe, na hatua yako ya kwanza itakuwa kuiombea iingizwe kwenye orodha.

Hooghe na Marks waliandika mwaka 2003 kwamba utawala wa ngazi nyingi una sura mbili. Ya kwanza ni ya ngazi zinazobebana, kila moja ikishughulika na mambo mengi: kijiji, wilaya, mkoa. Ya pili ni ya vyombo vya kazi moja moja, visivyofuata mipaka ya ngazi hizo. Sisi hatukuona haja ya kuchagua. Tuna kijiji, kata, tarafa, wilaya na mkoa, na juu yake tuna TARURA wa barabara, RUWASA wa maji tangu Julai 2019, na TASAF wa kaya maskini. Maji yakikata barabara na kung'oa bomba la kisima kwa usiku mmoja, hayo ni majanga mawili yenye wizara mbili.

Hatua ya 4: Ingia wilayani kwa miguu yote miwili

Wilayani kuna milango miwili na mgeni huichanganya. Mmoja ni wa Mkuu wa Wilaya, anayemwakilisha Rais. Mwingine ni wa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, anayelihudumia baraza la madiwani ingawa naye huteuliwa na Rais. Wakazi wa Kasulu wamebarikiwa zaidi: wana Mkuu wa Wilaya mmoja na halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji. Kabla hujaandika barua, hakikisha umelala upande gani wa mpaka usiku wa jana.

Usishangae kuona ngazi zinaongezeka. Mwaka 2012 Kibondo ilizaa Kakonko, na Kasulu ikazaa Buhigwe. Nia ilikuwa kusogeza huduma karibu na wananchi, na kweli ofisi zilisogea. Kwa wanaopenda historia: enzi za falme za Heru, Muhambwe na Buyungu, Mwami alikuwa na watwale wake, na mwenye shida alijua kwa kwenda. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Halmashauri zenyewe zilifutwa mwaka 1972 kwa jina la kupeleka madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza tena kazi 1984. Kwa miaka hiyo kumi na miwili madaraka yalikuwa yanakuja kwa wananchi, ila hayakuwa na pa kufikia.

Sasa mwulize Mkurugenzi, kwa heshima, kama ana fedha. Atakuonyesha mapato ya ndani. Ushuru wa mazao, ambao ulikuwa hadi asilimia 5, tangu 2017 umeshushwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani moja umesamehewa. Wewe mkulima mdogo ulishangilia, na ulikuwa na haki. Kodi ya majengo nayo mwaka 2021 ilianza kukatwa kwenye umeme unaponunua LUKU, bila kupita kwenye dirisha la halmashauri. Barabara zilikwenda TARURA, maji yakaenda RUWASA. Kilichobaki kwa baraza lenu ni wajibu wa kujibu maswali ya wananchi kuhusu barabara na maji.

Hatua ya 5: Toa ushauri mkoani

Mkoani kuna Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na jina lake linasema ukweli: inashauri. Wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri, wakurugenzi na wabunge hukutana, hushauri kwamba miundombinu iboreshwe, na hukubaliana kwa kauli moja. Hajawahi kutokea mjumbe aliyeshauri miundombinu iharibiwe.

Usidhani huu ni udhaifu wetu peke yetu. Umoja wa Ulaya nao una Kamati ya Mikoa yenye wajumbe 329 kutoka mikoa na manispaa, iliyoanza vikao Brussels mwaka 1994. Kazi yake? Kushauri. Mwaka 2009 ilitoa waraka mrefu kuhusu utawala wa ngazi nyingi, ikishauri kwamba ngazi za chini zisikilizwe zaidi.

Lakini kuna tofauti moja, na tuitaje ingawa inauma. Oktoba 2016 bunge la Wallonia, mkoa wa Ubelgiji wenye watu wapatao milioni 3.6, lilikataa mkataba wa biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Kanada. Mataifa 28 yakasimama yakingoja mkoa mmoja. Wakulima wa Wallonia walikuwa na hofu zao, wakapewa maelezo na ahadi za maandishi, ndipo kalamu zikasaini. Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa kuwa na watu takriban milioni 2.47 katika sensa ya 2022. Mwaka 2016 huohuo Tanzania nayo ilikataa kusaini mkataba wa biashara kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na mkataba wa pamoja ukakwama. Pengine uamuzi ulikuwa sahihi. Ila hakuna aliyepanda Kasulu kuuliza wenye maharage.

Hatua ya 6: Subiri Dodoma

Barua yako ikifika Dodoma itakuta ukomo wa bajeti. Huu ni kima kinachotolewa juu kabla mahitaji hayajafika kutoka chini. Kwa hiyo kijiji huibua, kata huchambua, wilaya hupanga, kisha mpango wote hupunguzwa mpaka uenee kwenye namba iliyokuwapo tangu mwanzo. Ushirikishwaji umekamilika, na kila aliyekatwa alikuwapo.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, ardhi ikiwa kavu na kijito kikiwa kimelala. Kisha huja zabuni, mifumo, vibali, na mkandarasi anayetafuta vifaa. Ukiona fedha zinaanza kushuka na mawingu yanaanza kupanda kwa wakati mmoja, usilaumu. Waliopanga kalenda ya bajeti hawakushauriana na waliopanga msimu wa mvua.

Hatua ya 7: Kuwa wa kimataifa

Kibondo na Kasulu zina bahati ambayo wilaya nyingi hazina: dunia inazijua. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi. Kwa sababu hiyo, katika barabara zenu zilezile zisizopitika hupita magari yenye antena ndefu kutoka Geneva, New York na Roma. Mengine yamekwama kwenye kijito chako. Yasukume kwa adabu na upige picha, maana hakuna ushahidi bora katika andiko la mradi.

Mwaka 2017 mashirika 16 ya Umoja wa Mataifa yaliungana kuendesha Programu ya Pamoja ya Kigoma, kwa kuanzia Kasulu, Kibondo na Kakonko, ili misaada isiishie ndani ya ua wa kambi bali iwafikie na wenyeji. Wazo zuri. Fikiria tu kikao cha kupanga tarehe ya kikao.

Ubelgiji nao ni wenyeji wa siku nyingi. Majeshi yao yaliwatimua Wajerumani Kigoma mwaka 1916 na kukaa hadi 1921. Baadaye walirudi kwa mlango wa shirika lao la maendeleo, Enabel, na miradi ya maharage, muhogo na maji. Wao wenyewe wana serikali ya shirikisho, mikoa mitatu, jumuiya tatu za lugha, majimbo na manispaa, na baada ya uchaguzi wa 2010 walikaa siku 541 kabla ya kuunda serikali. Ukiwaeleza habari za kalavati lako wataelewa haraka sana.

Hata hivyo, usiweke mayai yote Geneva. Septemba 2016 viongozi wa dunia walikubaliana New York juu ya mpango mpya wa wakimbizi, wenye kuahidi fedha kwa maeneo yanayowapokea. Tanzania ikakubali kuwa nchi ya majaribio. Mapema 2018 ikajitoa, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha zilizoahidiwa, hasa ilipoonekana kwamba sehemu ya fedha zingekuja kama mkopo. Kijiji kilichokuwa kimeambiwa mwaka 2017 kwamba kitafaidika kiliambiwa mwaka uliofuata kwamba hakitafaidika. Mara zote mbili kiliandika muhtasari.

Hatua ya 8: Pitia Arusha

Ikiwa kijito chako kiko upande wa Mabamba, karibu na Burundi, una ngazi ya ziada. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo maharage yako yakivuka yanakuwa biashara ya kikanda. Kuna hata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Utaulizwa pia cheti cha afya ya mimea, na maharage yako yatakuwa na hati nyingi kuliko aliyeyalima.

Na hapa kuna zawadi. Fungua Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa 1999, ibara ya 7. Utakuta kanuni kwamba jambo liamuliwe na ngazi iliyo karibu zaidi na wananchi inayoweza kulimudu, na kwamba ngazi nyingi na wadau wengi washirikishwe. Wazungu wameiweka kanuni hiyohiyo katika ibara ya 5 ya mkataba wao. Nakili ibara hiyo kwa mwandiko mzuri na uiambatishe kwenye barua yako ya kalavati. Haitakusaidia, lakini barua itapendeza.

Matatizo ya kawaida na tiba zake

Umeambiwa "tuko kwenye mchakato". Uliza mchakato umefika meza gani, na meza hiyo iko mji gani. Ukijibiwa kwa jina la mji, umepiga hatua.

Umeambiwa "hilo si letu". Omba waandike. Ofisi nyingi hukumbuka kwamba ni lao pindi kalamu inapoguswa.

Mwenge unapita. Harakisha. Kazi iliyoshindikana kwa misimu mitatu ya mvua imewahi kumalizika kwa wiki mbili za maandalizi ya Mwenge.

Kalavati limejengwa mahali pasipo na maji. Shukuru. Kijiji kina jengo jipya la serikali, na mbuzi watajikinga na jua.

Kalavati limejengwa, maji yamelikwepa na kukata barabara pembeni. Rudi Hatua ya 1.

Mfadhili mkuu ni nani

Kabla hujasaini barua ya shukrani kwa wafadhili, tazama tangi la boda uliyoipanda. Kila lita ya petroli inayouzwa Kibondo au Kasulu ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Fedha ya kalavati lako haikuanzia Dodoma, Abidjan wala Brussels. Ilitoka kwenye nauli yako, ikapanda ngazi zote, na sasa inaombwa irudi kama hisani.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini tusizisingizie ngazi. Ulaya wana nyingi kutuzidi na makalavati yao yapo. Kasoro yetu ni kwamba kila ngazi ya chini imepewa kazi, lawama na mhuri, huku fedha na uamuzi vikiendelea kukaa juu. Kanuni ya ibara ya 7 itabaki pambo mpaka kijiji kipewe kasma, si kikao.

Mpaka siku hiyo, kijiji kina chombo kimoja ambacho kwa sheria hakuna wa kukinyima: mkutano mkuu, kila baada ya miezi mitatu. Usiupuuze kwa kisingizio cha shamba. Nenda, kaa mbele, omba isomwe taarifa ya mapato na matumizi, uliza fedha ya barabara imekwama ngazi gani na kwa jina la nani, kisha hakikisha swali lako na jibu lake vimeandikwa kwenye muhtasari. Kama mkutano wenu haujaitishwa tangu mavuno yaliyopita, basi umeshajua pa kuanzia: mdai mwenyekiti wako auitishe wiki hii.